Mechi Tuliyocheza Bila Kuambiwa

Nilikuwa mrefu kuliko wasichana wote wa darasa langu, na kwa sababu hiyo tu nikafanywa mfungaji. Hakuna aliyeniuliza kama naweza. Mwalimu wetu wa michezo, dada kijana kutoka upande wa Bukoba aliyekuwa ametoka chuoni si zamani, alitupanga mstari nyuma ya bweni, akatutazama mmoja mmoja, kisha akanishika bega na kunisimamisha chini ya mlingoti wenye pete ya chuma. Akasema, "Kazi yako ni hapa."

Hiyo ilikuwa miaka michache kabla ya uhuru, katika shule ya wasichana hapa Mwanza. Wasichana waliofika madarasa ya juu walikuwa wachache, na tulilala shuleni hata wale ambao kwetu kulikuwa karibu. Mimi kwetu Igogo. Baba alikuwa fundi cherehani, akishonea kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja pale Mirongo. Mama alikaanga maandazi na kuyauza asubuhi. Baba alibishana sana na kaka yake kuhusu mimi kusoma, na siku aliponifikisha getini na sanduku langu la bati hakuniambia mengi. Aliniomba tu nisimfanye aonekane hakuwa na akili.

Mchezo wenyewe tuliuita netiboli. Siku hizi wanauita mpira wa pete. Anayeudaka mpira haruhusiwi kukimbia nao. Anasimama alipo, anamrushia mwenzake, mpaka ufike kwa mmoja wa wafungaji wawili walio karibu na pete. Hapo uwanja mzima hunyamaza. Beki anasimama mbele yako amenyoosha mikono lakini hawezi kukugusa. Refa anakuhesabia kimoyomoyo. Wavulana wakikosa goli kwenye soka, wanakosa huku wakikimbia, na vumbi linawaficha kidogo. Sisi tulikosa tukiwa tumesimama wima, mikono juu, mbele ya macho ya kila mtu.

Na mikono yangu ilitetemeka. Katika mazoezi haikutetemeka. Mpira ulitoka vizuri, ukapita katikati ya pete bila hata kugusa chuma. Lakini wakija watu, wakipangwa viti, akitokea mgeni mwenye kofia, basi kuanzia viwiko hadi kwenye kucha nilikuwa kama mtu aliyetolewa majini asubuhi ya baridi. Siwezi kueleza sababu yake. Sikuwahi kupigwa kwa kukosa jambo, wala sikuwa mtoto mwoga. Nilizaliwa hivyo, au ilinianza hivyo.

Mechi yangu ya kwanza ya maana tulicheza na wasichana wa shule nyingine ya mjini. Mpira wa kwanza nilioupata ulianguka chini kabla ya kufika kwenye pete. Wa pili vilevile. Wa tatu niliurusha kwa hasira, ukapita juu kabisa ukaenda kumpiga mama mmoja aliyekuwa amekaa na mtoto mgongoni. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, sasa najua, lakini kicheko kile kilinishinda. Nilitoka uwanjani mchezo ukiendelea, nikaenda kukaa nyuma ya jiko la shule ambako kuni zilipangwa, nikawa nalia huku nikijing'ata kiganja nisisikike.

Aliyenifuata hapo baada ya mechi ni mfungaji mwenzangu.

Nitamwita mwenzangu, kwa sababu ndivyo tulivyoitana. Alikuwa Msukuma wa huko ndani kupita Kisesa, binti wa mfugaji aliyekuwa pia na shamba la pamba. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na Kiswahili chake hakikuwa na sauti ya *r* hata kidogo. Alisema *mpila*, alisema *lafiki*, na wasichana wa mjini walimwiga mpaka wakachoka wenyewe, maana hakuonyesha kuudhika. Uwanjani hakuwa na haraka. Akiudaka mpira unadhani ameukuta umewekwa hapo kwa ajili yake.

Hakunibembeleza. Alikaa juu ya gogo, akachuma jani akawa analichanachana, kisha akaanza kunisimulia habari za ng'ombe. Kwao, alisema, kazi ya kukamua ni ya wavulana, lakini baba yake alizaa wasichana watupu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekamua tangu akiwa mdogo. Kulikuwa na ng'ombe mmoja mwekundu aliyekuwa na tabia ya kupiga teke. Mtu akimwendea kwa mikono yenye wasiwasi, ng'ombe yule alijua kabla hata hajaguswa, na chombo cha maziwa kiliruka. Mama yake ndiye aliyemfundisha namna ya kumwendea: uweke paji la uso kwenye ubavu wake, usikie miguu yako ilivyokanyaga, utoe pumzi polepole kuliko ulivyoivuta, mpaka uone na yeye anapumua hivyo. Ndipo unaanza kukamua.

"Sasa wewe," akaniambia, "unamwogopa ng'ombe, halafu unamkimbilia. Lazima akupige."

Kesho yake alfajiri, kabla ya kengele, alinitoa kwenda uwanjani. Aliniambia nisitazame pete kwanza. Nitazame miguu yangu, niisikie ardhi, halafu ndiyo nitoe pumzi, halafu mkono, halafu niachie. Akanipa maneno ya kusema moyoni, moja kwa kila tendo isipokuwa pumzi, ili kichwa kisipate nafasi ya kusema mengine. Miguu. Aldhi. Mkono. Achia. Aliyatamka hivyo, na mimi nikayapokea hivyo. Hata leo, baada ya miaka yote hii na vyeti vyote vya ualimu, neno lile kichwani mwangu halina *r*.

Mwalimu naye alikuwa na njia zake, alizozipata chuoni au alizozibuni mwenyewe, sijui. Kabla ya mechi alitufungia kwenye stoo ya majembe, akatuambia tufumbe macho na tuuone mpira ukitoka mkononi, ukipanda, ukishuka ndani ya pete. Tuuone tena na tena. Alituwekea taulo la maji kisogoni. Alitukataza kutazama watu wa pembeni. Ukikosa, ulitakiwa ujifute mikono kwenye sketi, na kujifuta huko ndiko kulikuwa kumaliza habari ya mpira ule. Asiyejifuta aliitwa pembeni akaulizwa kwa nini bado ameubeba. Sasa nasikia kwenye redio wataalamu wakieleza mambo haya haya kwa majina makubwa. Sisi tuliyajua kama namna ya kutoaibika.

Yalifanya kazi. Sikuacha kutetemeka kwa siku moja, lakini kutetemeka kulipungua, kukawa kunaanzia vidoleni tu, na mwaka uliofuata watu wa mjini walianza kuja kututazama sisi wawili. Mwenzangu akinipa mpira alikuwa akitoa pumzi kwa sauti, pffu, taratibu, na mimi nilitoa pamoja naye bila kutaka.

Jumapili moja nilimchukua kwetu Igogo. Mama alimpenda kuliko alivyonipenda mimi, au ndivyo nilivyomtania. Alimpikia sato wa kuchemsha na ugali, na mwenzangu, mtoto wa watu wa ng'ombe, aliiogopa miiba akawa anaigawanya nyama ya samaki yule kama mtu anayetafuta sindano. Mama alikaa karibu naye akamchambulia, akimlisha vipande kwenye kiganja. Tukiwa tunarudi shuleni jioni, tukipita kando ya ziwa, ndipo mwenzangu aliponiambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

Watu walikuwa wamekwenda kwao kumposa. Baba yake hakuwa amekubali wala kukataa, lakini ng'ombe walikuwa wametajwa, na wadogo zake wanne walikuwa wanakua. Alidhani mwaka ule ukiisha hatarudi shuleni. Nilimwuliza mbona haonyeshi, mbona anacheka na kucheza kama kawaida.

"Nikishika mpila," akasema, "sifikili kitu. Ndiyo maana naupenda."

Nilikuwa nimemwona siku zote kama mtu asiye na hofu. Siku ile nilijua kwamba alikuwa nayo kubwa kuliko yangu, ila alikuwa na mahali pa kuiweka.

Mwaka wenyewe ukawa ule wa uhuru. Mji mzima ulikuwa unapigwa chokaa. Baba alishona bendera mpaka vidole vikafanya sugu mpya, kijani na nyeusi na ile ya manjano kati yake, na barazani kwake vipande vya vitambaa vilikuwa vinaruka kama mbegu za pamba. Shule zilipangiwa michezo katika wiki ile ya sherehe, na sisi tuliambiwa tutacheza na wasichana wa ng'ambo ya ziwa, ambao wangekuja kwa meli. Muhula ulikuwa umekwisha, wenzetu wamekwenda makwao, lakini timu ilibakizwa.

Mwenzangu aliomba ruhusa ya siku chache aende kwao. Mvua zilikuwa zimeshika, kulikuwa na kazi ya kupanda, na mama yake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, yule aliyesubiriwa. Mwalimu alimkubalia kwa sharti kwamba arudi mapema afanye mazoezi. Nilimsindikiza hadi mahali walipopandia magari ya kwenda Kisesa. Alikuwa amemfungia mama yake sabuni kwenye kitambaa. Hakuna cha pekee alichosema. Alipanda nyuma ya lori, akajishikiza, akatazama mbele.

Siku ya kurudi ilipita, na ya pili yake. Mwalimu alisema mvua zimeharibu barabara, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Asubuhi ya mechi nilikuwa nachota maji bombani nikamwona mtu mzima amesimama na baiskeli karibu na nyumba ya mwalimu, matope yamempanda mpaka magotini. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama zaidi ya ilivyo kawaida ya mtu kumtazama mtoto asiyemjua. Akaniuliza, "Wewe ndiye yule mrefu?" Nikasema ndiye mimi. Akatikisa kichwa, na mwalimu akatoka akamwingiza ndani. Nilibeba ndoo yangu nikifikiri ni mjumbe wa kusema mwenzangu amechelewa. Nilikasirika kidogo, nakumbuka. Nilijiambia kwamba amefurahia mtoto mchanga akatusahau.

Mwalimu alipotuita kwenye stoo ya majembe, uso wake ulikuwa umeoshwa, nywele za mbele bado zina maji. Alituambia mwenzetu hatafika. Nafasi yake angechukua msichana wa darasa la chini yetu, ambaye papo hapo alianza kulia kwa woga. Kisha mwalimu akanigeukia mimi. Alisema, "Ameleta salamu. Amesema mcheze, na wewe usiogope. Upumue kama mlivyozoea."

Kuanzia hapo nilikuwa mtu mwingine. Siwezi kueleza maneno yale yalivyoniingia.

Mvua ilikuwa imenyesha, mpira wa ngozi umekunywa maji ukawa mzito. Watu walijaa pande zote, wamama wamevaa khanga mpya, wanaume wengine wamekaa juu ya mawe makubwa yale yanayoutazama uwanja. Wasichana wa ng'ambo walikuwa wazuri, wepesi wa miguu, na mwanzoni walituacha nyuma. Mikono yangu ilitetemeka kama siku ile ya kwanza. Nikasema: miguu, aldhi, mkono, achia. Nikaongeza yale mapya: amesema usiogope. Mpira ukaingia. Nikakosa, nikajifuta kwenye sketi, nikausahau. Ukaingia tena. Yule msichana mdogo aliyepewa nafasi ya mwenzangu nilimpulizia pumzi sikioni, pffu, kama nilivyofanyiwa mimi, naye akatulia akaanza kunipa mipira mizuri.

Katikati ya mchezo niligeuka mara moja kumtafuta mwalimu. Alikuwa amesimama kwenye mstari, mikono ameibana kwapani, anatazama chini miguuni pake. Mabega yake yalipanda haraka na kushuka polepole. Alikuwa anapumua vile. Nilidhani ni kwa sababu ya mechi.

Tulishinda kwa bao moja, na bao hilo nililifunga mimi. Watu waliingia uwanjani, wakatubeba. Nilicheka mpaka kwikwi ikanishika. Kutoka juu ya mabega ya watu nilimwona baba yangu pembeni, fundi cherehani mpole, amevua kofia yake anaipunga hewani. Nilikuwa sijawahi kumwona akifanya hivyo na sikumwona tena. Niliposhushwa nilimkimbilia mwalimu, nikamwomba ruhusa kesho niende kwa mwenzangu nikamwambie mwenyewe, mtu mwingine asinitangulie. Mwalimu aliweka mkono mdomoni. Akasema twende kwanza darasani.

Tuliambiwa tukiwa bado tumeshika chupa za soda. Alisimama mbele ya ubao, hakukaa. Alisema mwenzetu alipatwa na homa akiwa kwao, homa ikampanda kichwani, mvua zikazuia kumfikisha hospitali. Alisema, "Amezikwa jana."

Hakuna aliyelia mara ile. Mmoja wetu akauliza ni mwenzetu gani, ingawa hakuwapo mwingine. Nje watu walikuwa bado wanapiga ngoma. Mimi nilisikia swali likinitoka kabla sijalifikiri. Nikamwuliza mwalimu, "Kwa hiyo alisema lini?"

Aliinamisha kichwa, na mimi nikaweka chupa juu ya dawati, taratibu sana, kama kitu kinachoweza kulipuka.

Kesho yake tulikwenda, mwalimu na sisi watatu tuliochaguliwa. Mama alinipa sukari na majani ya chai vya kupeleka. Tulishuka Kisesa tukatembea kwa miguu, tukivua viatu kwenye matope. Nyumbani kwao kulikuwa na wanawake wengi wamekaa uani. Kaburi lilikuwa karibu na zizi, udongo mwekundu mbichi umeshaanza kubomolewa na mvua.

Mama yake alikuwa amekaa chini ameegemea ukuta, yule mtoto mchanga ananyonya. Nilipiga magoti nikamwamkia. Alinitambua kwa urefu wangu, akanivuta nikae. Alinishukuru kwa mama yangu, kwa samaki wale, kwani binti yake alikuwa amemsimulia jinsi alivyolishwa kama mtoto. Nilikaa pale muda, nikitafuta namna ya kuuliza. Mwisho nikauliza tu. Nilitaka kujua kama alitutumia salamu.

"Hakusema, mwanangu," akanijibu. "Homa ilipompanda hakutujua tena, hata mimi. Alikuwa anawaita ng'ombe tu, mmoja mmoja, kwa majina."

Mwalimu alikuwa amekaa nyuma yangu. Najua alisikia.

Njia nzima ya kurudi nilitembea mbele peke yangu. Nilikuwa na hasira ambayo sikujua niielekeze wapi, na juu ya hasira kulikuwa na aibu. Nilikuwa nimecheka. Yeye yuko chini ya udongo ule na mimi niko juu ya mabega ya watu, nacheka mpaka kwikwi. Sikuwa nimefanya kosa, kila mtu aliniambia hivyo, baba aliniambia hivyo, na mimi mwenyewe nilijua. Haikusaidia.

Sikulia. Hilo ndilo lililokuja kuniumiza zaidi. Kila machozi yalipokaribia, mwili wangu ulifanya kile ulichofundishwa: miguu ikakanyaga, pumzi ikatoka polepole, na machozi yakarudi yalikotoka. Nilikuwa nimejifunza vizuri mno. Mwaka uliofuata nilikuwa mwanafunzi mtulivu kuliko wote, walimu wakanisifu. Nilikataa kucheza, na mwalimu hakunilazimisha. Tulipishana njiani tukitazamana mabegani. Baada ya miezi alihamishwa kwenda upande mwingine wa ziwa, akaondoka bila kuniaga, au labda alikuja bweni nikiwa sipo. Mama yangu ndiye aliyekuwa na wasiwasi. Nikienda nyumbani aliniuliza, mara nyingi, huku akichota mafuta ya maandazi, "Mbona humlilii mwenzio?" Nikamwambia nimeshalia shuleni.

Chakula kilinikinai. Usingizi ulikuwa mwepesi kama wa ndege. Nilisahau vitu: nilikwenda dukani nikasimama mbele ya mwenye duka bila kujua nilichotumwa, na nilipokumbuka nilikuwa nimekwisha rudi nyumbani mikono mitupu.

Ilikuwa kwenye chuo cha ualimu ndipo nilipogusa mpira tena, tena kwa kusukumwa, kwa vile timu ilikuwa pungufu na mimi nilikuwa mrefu. Ilikuwa mechi ndogo, watazamaji wachache, jua la mchana. Nilidaka pasi, nikasimama, mikono ikaanza. Nikasema moyoni: miguu. Na lilipofika neno la pili nilisikia sauti yake, si yangu, ikilitamka kwa namna yake, na kitu kikaachia kifuani. Nililia pale pale, nimenyanyua mpira juu ya kichwa. Refa, mwanafunzi mwenzetu, alisahau kupiga filimbi. Beki alishusha mikono. Mwishowe niliurusha mpira, ukagonga chuma ukaanguka nje, na nikakaa chini katikati ya uwanja nikaendelea kulia mpaka wakanitoa wakinishika kwapani.

Nililia karibu muhula mzima. Kwenye foleni ya chakula, kanisani kwa wenzangu nilipowasindikiza siku ya harusi, kwenye somo la hesabu. Baada ya hapo usingizi ulirudi. Na mpira pia ulirudi, lakini kwa namna nyingine. Sikupigana na mikono tena. Ilipotetemeka niliiacha itetemeke, nikarusha hivyo hivyo, na niligundua kwamba mpira hauhitaji mkono uliotulia kabisa. Nimefundisha wasichana wengi tangu hapo. Nawafundisha kupumua na kusikia ardhi, kwa sababu vinafaa. Lakini kila timu naiambia pia kwamba kinachowekwa pembeni wakati wa mchezo kifuatwe baadaye, maana hakiondoki chenyewe. Na habari mbaya ikija asubuhi ya mechi, naisema asubuhi ile ile. Tumepoteza mechi kwa hilo.

Mwalimu nilikutana naye mara moja tu, miaka mingi baadaye, bandarini Mwanza, akingoja meli ya kurudi kwao. Alikuwa amenenepa, ana mizigo na wajukuu. Nilimpa shikamoo yake. Tuliulizana ya nyumbani mpaka yakaisha, tukabaki tunatazama wapagazi. Ndipo akasema, bila mimi kumwuliza, kwamba hakuna aliyemwagiza afanye vile. Mwalimu mkuu alijua baada ya mechi.

"Nilikuwa msichana tu," akasema. "Niliona nikiwaambia mtalia, na ninyi mkilia na mimi nitalia, mbele ya wageni wote wale. Nilijidanganya kwamba nawasaidia ninyi."

Nilimwambia kwamba maneno yale aliyonipa yalinifanya nicheze vizuri kuliko siku yoyote ya maisha yangu. Nadhani hilo lilimuumiza kuliko tusi, ingawa sikulisema kwa kumuumiza. Hakuniomba msamaha waziwazi, na mimi sikumpa. Nilimsaidia kubeba kikapu hadi kwenye ngazi ya meli, akanishika mkono kwa muda, akapanda.

Kwa mama yake mwenzangu nilikwenda mwaka hadi mwaka. Yule mtoto mchanga alikua akaoa. Mara ya mwisho mama huyo alikuwa mzee, macho hayaoni mbali, amekaa kwenye kigoda anapepeta choroko. Alikuwa hajawahi kuuliza habari za mchezo wenyewe, na mimi sikuwahi kumweleza. Siku ile akauliza ghafla ulikuwa mchezo gani. Nikamweleza kuna mlingoti na pete, na kwamba mpira unapita hewani kutoka mkono hadi mkono, na mwenye nao haruhusiwi kukimbia.

"Asipokimbia anafanya nini?"

"Anasimama, mama. Anasimama, watu wote wanamtazama yeye."

Alipepeta kidogo, akaondoa jiwe akalitupa.

"Na yeye alikuwa anasimama vizuri?"

Nikamwambia ndiyo, alisimama vizuri kuliko sisi sote. Akaniomba nimwonyeshe. Nikasimama katikati ya ua, mtu mzima mwenye mvi, nikaweka miguu sawa, nikanyanyua mikono mitupu juu ya kichwa, na mama yule akainua uso wake akanitazama kwa muda mrefu, kwa macho yake yasiyoona vizuri.